Binti yangu hagusi mboga

Shangazi, binti yangu wa miaka 14 akitoka shule ni viazi karai na mabuyu, usiku mkate na chai ya rangi. Mboga hagusi. Nimfunzeje?
Mama Biti, Langoni, Lamu

Mama Biti, usimhubirie. Wangu nilimhubiria, nikaja kukuta mchicha umefichwa chini ya mkeka! Mpe kisu na mbuzi. Akune nazi, apike kunde mwenyewe, na akamulie ndimu wakati wa kula: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kunde, na msichana aliyevunja ungo huyahitaji zaidi. Chai ingoje kama saa moja, maana huyazuia. Viazi karai avile, ila si kila jioni. Mabuyu yenyewe hayana neno. Tatizo ni ile sukari na rangi.