Leseni Hufuata Kazi, Si Ofisi: Ushauri kwa Wenye Biashara Ndogo Jimboni Washington

Nilipoanza biashara ya usafi wa ofisi katika jimbo la Washington, Marekani, nilibandika leseni yangu ukutani nikaamini kwamba shughuli ya makaratasi imekwisha. Nilikuwa na mazoea ya Tanzania, ambako leseni, iwe imetolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, au na halmashauri, hufuata mlango wa biashara. Miezi michache baadaye nikapata barua kutoka mji jirani, ambako sikuwa na hata stoo ya kuwekea ndoo, ikinidai ada ya leseni pamoja na adhabu ya kuchelewa, kwa sababu tu nilikuwa na mteja mmoja humo.

Nililipa, kisha nikaketi kusoma utaratibu ambao ningepaswa kuusoma mapema. Jimbo, kupitia Idara ya Mapato, huipa biashara namba ya utambulisho yenye tarakimu 9, nayo idara hiyo hiyo huendesha huduma ya leseni inayopokea maombi kwa niaba ya miji mingi, Spokane ukiwa mmojawapo. Sheria ya mwaka 2017 iliitaka miji inayotoa leseni ya jumla ya biashara ijiunge na huduma hiyo, au badala yake itumie FileLocal, lango la pamoja la mtandaoni lililoanzishwa na Seattle, Tacoma, Bellevue na Everett. Kwa hiyo anayefanya kazi Seattle na Spokane ana milango miwili ya kubisha, si mmoja.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba fomu moja maana yake ni ruhusa moja. Jimbo hukusanya maombi na ada, lakini uamuzi hubaki kwa kila mji, na mji usioutaja kwenye fomu hautakuwemo kwenye leseni yako hata kama unaufanyia kazi kila wiki. Ukipata mteja katika mji mpya, ingia kwenye akaunti yako ya Idara ya Mapato uongeze mji huo kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kisha usubiri hadi jina lake lionekane kwenye leseni, kwa maana ombi lililopokelewa bado si ombi lililokubaliwa. Anayefanyia biashara nyumbani asubiri kwa subira zaidi, kwani mji unaweza kutaka kwanza kukagua kama matumizi hayo yanaruhusiwa katika mtaa wake.

Usiamini anwani ya posta. Skyway na White Center, kwa mfano, hupokea barua zilizoandikwa Seattle, lakini maeneo hayo yako chini ya King County, nje ya mipaka ya mji, na baadhi ya anwani za Tukwila nazo zimezoeleka kuandikwa hivyo hivyo. Mimi sasa kila anwani ya mteja naiingiza kwanza kwenye kitafutio cha viwango vya kodi cha Idara ya Mapato, ambacho huonyesha iko chini ya mamlaka gani. Kazi hiyo haizidi dakika moja, na imeshaniokoa mara mbili nisilipie leseni ya mji nisioufanyia kazi.

Kuna nafuu kwa wenye kazi ndogo. Sheria ile ya mwaka 2017 ilileta kanuni ya mfano ya kufuatwa na miji, yenye kiwango cha chini, ambacho mwaka 2019 kilianzia dola 2,000 za mapato ghafi ya mwaka ndani ya mji husika: asiyezidi kiwango hicho na asiye na ofisi humo husamehewa leseni ya jumla, au hupewa bila ada. Miji inaruhusiwa kuweka kiwango kikubwa zaidi, kwa hiyo angalia cha mji wako, na utunze hesabu za kila mji peke yake, la sivyo hutakuwa na cha kuonyesha utakapoulizwa.

Leseni hiyo ya jumla, hata hivyo, haigusi kodi ambayo baadhi ya miji hutoza kwenye mapato ghafi, ambayo hulipwa kwa mji wenyewe, wala vibali vya afya. Dada mmoja tunayesali naye alipotaka kuuza chapati na pilau aliniomba nimjazie fomu ya jimbo. Nilimjazia, lakini nilimwambia asinunue hata kilo ya mchele kabla ya kwenda kuuliza idara ya afya ya kaunti kuhusu jiko.