Jibu: Miwani ya uhalisia pepe kabla ya kuchagua lenzi ya jicho

Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomwonyesha mvaaji picha za kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, inaweza kumsaidia baba kuchagua lenzi ya bandia ya kuwekwa jichoni, kabla ya kutolewa mtoto wa jicho. Inaweza kusaidia, maana lenzi ikishawekwa ni ya maisha. Kuibadilisha ni upasuaji mwingine, mgumu zaidi.

Akiivaa anaonyeshwa, kwa mfano, barabara usiku. Kwa lenzi ya umbali mmoja, iliyopimwa kuona mbali, taa za magari zimetulia, ila simu mkononi ni ukungu mpaka avae miwani ya kusomea. Kwa lenzi ya umbali mwingi, meseji anaisoma mwenyewe, lakini taa zinazungukwa na duara la mwanga, kwa kuwa lenzi hiyo huugawa mwanga. Umesema baba anaendesha daladala ya Mbagala tangu alfajiri. Basi hayo maduara ayatazame bila haraka!

Ila kumbuka, picha hiyo anaiona kupitia jicho ambalo bado lina ukungu, na mashine haijui kama ana presha ya macho au kisukari kimegusa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Wenye shida hizo mara nyingi hushauriwa lenzi ya umbali mmoja. Kazi ya baba mtajieni daktari mapema, hata kabla hajauliza.