Kioo cha mlango wa nyuma cha AE100 kimemwagika, nikatiwe kingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi huku Pasua, nina Corolla AE100 sedani, jamaa alikuwa anafyeka majani na mashine ikarusha jiwe, kioo cha mlango wa nyuma kushoto kikamwagika chote. Ni vile vya kuzungusha kwa mkono. Madukani sijapata, kuna fundi wa alumini anasema ananikatia kingine kwa vipimo. Nimkubalie? Na nikipata used kwenye gari la kuchinja (linalouzwa vipuri kimoja kimoja) nakitoaje bila kukipasua?

JIBU: Marahaba kaka, pole sana. Huyo wa alumini achana nae kabisa. Kioo cha mlango kimepikwa, yani kikishakatwa na kupindwa kinachomwa moto mkali afu kinapozwa ghafla kwa upepo, ndo maana chako kimemwagika punjepunje kama mahindi badala ya kutoa vipande virefu. Kikishapikwa hakikatiki tena, ukijaribu kinalipuka chote, kwa hiyo anachokuahidi ni kioo cha dirisha la nyumba, na hicho kikivunjika kinatoa visu na watoto ndo wanakaa siti ya nyuma. Isitoshe ni flati wakati mlango wako umebinuka, kwenye reli hakipandi. Mambo ya kukata yanawezekana kwa Land Rover za zamani zenye vioo flati, na hata huko unaomba kile cha tabaka mbili chenye plastiki katikati.

Kwenye kutafuta usiende dukani kusema "nataka kioo cha Corolla", utabebeshwa cha AE110 na hiyo ni bodi nyingine. Sema AE100, sedani sio wagoni, nyuma kushoto upande wa abiria, kile kikubwa kinachoshuka, sio kile kidogo cha kona kilichosimama. Fungua boneti upige picha kile kibati chenye modeli na namba ya chesisi, utembee nayo kwenye simu. Muuzaji anayeenda kwa namba mwambie 68104, hiyo ndo nyuma kushoto kwa Toyota (kulia ni 68103), na baada ya kistari ikianza 12 ujue ni familia ya Corolla.

Mi ningeanzia huku Arusha, gereji za Unga Limited, naulizia AE100 iliyochinjwa, maana watu wanakimbilia injini, giaboksi na taa, milango ya nyuma inabaki inapigwa jua tu. Ukikosa, Dar pale Gerezani, au Nairobi Kirinyaga Road, wenzetu nao usukani ni kulia kama sisi na we uko karibu na mpaka wa Holili. Ila cha kutumiwa kwa basi kifungwe kwenye blanketi na kisafiri kimesimama. Na kikifika pitisha kidole taratibu kwenye kingo zote, kikiwa kimemeguka hata kidogo pembeni usikilipie, siku moja mtafunga mlango kwa nguvu kimwagike chote. Angalia na rangi pia, kuna vya kijani kwa mbali na vya kahawia, ukichanganya gari linaonekana la ajabu.

Sasa kutoa. Hendo ya kuzungushia haina skrubu, inashikwa na kipini cha waya kama herufi C kwa nyuma. Watu wanaichokonoa na bisibisi wanatoboa kava la ndani la mlango, we chukua kitambaa kigumu, kipitishe nyuma ya hendo, kivute huku na huku kama unasugua kiatu, kipini kitaruka chenyewe (kifunike na mkono mwingine kisipotee). Toa skrubu za mkono wa kuvutia mlango na kava la kitasa, ng'oa klipsi kuzunguka kava afu linyanyue kwenda juu. Nyuma ya kava kuna nailoni ya kuzuia maji, ibandue taratibu kwenye ile gundi nyeusi kama lami.

Rudisha hendo kwa muda, shusha kioo mpaka boliti za chini zionekane kwenye matundu, spana 10, huku mtu ameshika kioo juu kwa viganja viwili. Hapa ndo wengi wanapasua: kioo kimeshaachia ila hakitoki, wanaanza kukilazimisha. Hakiwezi kutoka kaka, kinazuiwa na ile reli ya katikati inayokitenganisha na kioo kidogo. Vuta raba ya reli kwa juu utaona skrubu, chini kuna boliti, zitoe zote, sogeza reli, kioo kidogo kitoke na raba yake kwanza, ndo hicho kikubwa kilaze kidogo kwa mbele na ukinyanyue. Kitoke na miguu yake ya chini, usikubali muuzaji abaki nayo, ya kwako ikiwa na kutu utahangaika. Na usikisimamishe kona kwenye sakafu ya simenti hata dakika moja, weka tambara au boksi, kioo hiki katikati unaweza kukigonga kisifanye kitu ila kona ikigusa kitu kigumu imeisha.

Kabla hujafunga kwako, fyonza punje zote ndani ya mlango na kwenye reli, zikibaki zitachora kioo kipya na zile chini zinaziba matundu ya maji, mlango unaoza. Reli ipulizie silikoni, grisi hapana, inashika vumbi. Boliti zikaze kwa vidole tu, pandisha kioo mpaka juu kikae sawa kwenye raba, ndo ushushe ukaze na spana. Nailoni irudishe bila kukosa, wengi wanaitupa afu masika yakianza wanauliza kwa nini kapeti limelowa.