Daktari Anajibu: Mikono ya Wageni na Kidonda cha Mama

SWALI: Assalam aleikum, Daktari. Mamangu ana kisukari na amerudi nyumbani kwetu Kisauni baada ya kufanyiwa upasuaji wa mguu. Kidonda bado kibichi. Kila jioni jamaa huja kumjulia hali, na kila mmoja humshika mkono. Wengine hufunua shuka ili wauone mguu wenyewe. Naona haya kumwambia ami au shangazi akanawe kwanza. Isitoshe, maji ya mfereji ni ya nadra kwetu, na ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, binti yangu. Mungu amjaalie mama shifaa ya haraka. Nitaanza na hiyo haya, kwa sababu naiona ina hatari zaidi kuliko maji ya chumvi.

Mtu humchelea ami yake kwa kuwa ni mtu mzima, msafi, mwenye heshima zake, na kumwambia anawe huonekana kama kumwambia kuwa ni mchafu. Lakini viini vya maradhi havionekani kwa macho, wala havichagui mkono wa nani. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aligundua kuwa akina mama waliojifungua walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kutokana na mikono ya madaktari wenyewe, waliotoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Alipowalazimisha kuosha mikono kwa maji ya klorini, vifo katika wodi hiyo vilishuka kutoka takriban 18 kwa kila wazazi 100 mwezi Aprili hadi takriban 2 mwezi Juni. Madaktari wengi walikasirika, wakaona wamevunjiwa heshima. Ikiwa wasomi wale walibeba mauti mikononi bila kujua, ami yako hatakuwa ametukanwa akiombwa anawe.

Kwa hivyo usimwambie mtu mmoja mmoja. Weka ndoo yenye mfereji barazani, pamoja na sabuni na beseni la kupokea maji machafu, kisha kila anayeingia, mdogo kwa mkubwa, apokewe kwa maneno yale yale: «Karibuni, tunawe kwanza, daktari ameagiza.» Nibebesheni mimi lawama hiyo, nimeikubali. Na anayetaka kufunua shuka akatazwe kwa upole, maana bandeji si ya kutazamwa na kila mgeni. Mwenye mafua au anayeharisha na atume salamu tu.

Wewe unayemuuguza una kazi zaidi. Shirika la Afya Duniani huwafundisha wauguzi nyakati tano za kusafisha mikono, nazo zafaa hata chumbani kwa mama: kabla ya kumgusa, kabla ya kushika kidonda au vifaa vyake, baada ya kugusa usaha, damu au choo, baada ya kumhudumia, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, kama vile kitanda na shuka. Ile ya pili ndiyo ninayokusisitizia sana. Mara nyingi muuguzaji hunawa vizuri, kisha huinua simu, hufungua mlango, huvuta kiti, halafu ndipo anapofungua bandeji. Tayarisha kila kitu mezani kwanza, ndipo unawe, na baada ya hapo usiguse kingine. Glavu nazo hazimwondolei mtu wajibu wa kunawa, kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.

Sasa maji. Chumvi na madini yaliyomo katika maji ya kisima huizuia sabuni ya kipande kutoa povu, lakini hayaifanyi kuwa bure. Utalazimika kuongeza sabuni na kusugua kwa muda mrefu zaidi. Sabuni ya maji hutoa povu vizuri zaidi katika maji hayo. Sugua kwa sekunde zisizopungua 20, ukipita viganjani, nyuma ya mikono, kati ya vidole, kwenye vidole gumba na chini ya kucha, na uvue pete na bangili kwanza. Kwa kuwa visima vingi vya mjini viko karibu na mashimo ya vyoo, weka mtungi mmoja wa maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa ajili ya kusuuza mikono kabla ya kushika kidonda. Kisha kausha kwa kitambaa safi. Leso uliyojifunga tangu asubuhi, iliyofuta pua ya mtoto na jasho la jikoni, itakurudishia yote uliyoyaosha.

Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 ni msaada mzuri pale maji yanapokosekana, ila mikono iliyoshika uchafu au mafuta haitakaswi nacho.

SWALI: Nauza viazi vya karai Likoni. Wateja wangu hunawa katika bakuli moja la maji niliyotia ndimu. Je, yatosha?

JIBU: La, ndugu yangu. Mtu wa kwanza hunawa maji, wa pili hunawa uchafu wa wa kwanza, na ndimu haibadilishi hilo. Kipindupindu na maradhi ya kuhara hupita njia hiyo hiyo, kutoka mkono hadi tonge. Toboa mtungi, utie mfereji wa plastiki, maji yatiririke. Nawe mwenyewe, anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika viazi. Ukiwa peke yako, tumia koleo.

SWALI: Natawadha mara tano kwa siku. Bado nahitaji sabuni?

JIBU: Ndiyo. Udhu ni ibada, na maji yake huondoa sehemu ya uchafu, lakini mafuta ya ngozi hushika viini ambavyo maji matupu hayawezi kuving'oa. Ukitoka chooni, nawa kwa sabuni kwanza, ndipo uende kutawadha. Iweke sabuni hapo hapo mlangoni pa choo, kwa sababu ikiwa jikoni utashika vitasa viwili kabla ya kuifikia.