Sephiroth kawaje vile?

SWALI: Shikamoo anko, mi nimemaliza Final Fantasy VII hapa banda la gemu Majengo, sa washkaji wanasema Sephiroth, yule adui mkuu, ni katili tu, mi naona kuna kitu kilimharibu, we unaonaje? Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaangalia upanga tu. Yule jamaa kawekewa seli za kiumbe kinaitwa Jenova tangu yupo tumboni kwa Lucrecia, mamake mzazi, na aliyefanya hivyo ni babake mwenyewe, Hojo, mwanasayansi wa kampuni ya Shinra, halafu akakuzwa kijeshi anajua tu mamake anaitwa Jenova, basi, hana hata shangazi wa kumuuliza! Kufika kijiji cha Nibelheim anajifungia na makabrasha, anasoma eti Jenova ni wa kabila la kale la Cetra, anaamini binadamu waliwasaliti, anachoma kijiji. Kumbe ripoti zilikosea, Jenova alitoka angani na ndo aliyewaangamiza Cetra wenyewe. Yaani chuki yote ile imesimama juu ya karatasi zenye makosa, na Shinra hakuna aliyemwambia ukweli mapema. Mi namhurumia, ila kumsamehe hapana, mamake Cloud, yule shujaa wa gemu, alifia kwenye ule moto.