Barua kwa mwanangu: tamthilia ikomee wapi

Mwanangu, marahaba.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nakuna nazi. Unasema tamthilia mnayoiandika imeingia msimu wa tano, prodyuza anataka mingine miwili, na wewe huna tena la kuwapa wale ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Ukaniuliza: "Mama, wewe mtazamaji, huwa unajuaje kwamba hii sasa imekwisha?"

Nilijulia bombani. Unaikumbuka ile televisheni yetu ya chogo pale Tandika, na watoto wa majirani wamebanana mkekani hadi mlangoni? ITV walipokuwa wakionyesha Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini, nyumba ilijaa. Asubuhi kwenye foleni ya maji, aliyeikosa alinishika mkono nimsimulie: Cherel kafanya nini tena? Barker kamjibuje? Nilisimulia mpaka ndoo ikafurika.

Baadaye ikaja nyingine, jina nitaliacha, tukaipenda vilevile. Mwaka wa kwanza foleni ilikuwa ile ile, maswali yale yale. Kisha jirani yetu mmoja akaenda msibani Korogwe, akakaa wiki tatu. Aliporudi akaketi mkekani, na hakuuliza swali hata moja. Wiki tatu nzima watu wameachana, wamepigana risasi, na yeye hakuna alichokosa! Usiku ule ndipo nilipojua. Wageni waliendelea kuja, maana mazoea yana nguvu, lakini walikuja na mchicha wa kuchambua, na mazungumzo yao yakaimeza sauti ya waigizaji.

Kwa hiyo usisubiri idadi ya watazamaji ikuambie. Idadi huchelewa. SABC, shirika la utangazaji la Afrika Kusini, ilipoifunga Isidingo Machi 2020, baada ya karibu miaka 22, ilisema watazamaji na mapato vimeshuka. Lakini anayeandika huchoka kabla mtazamaji hajaondoka, na uchovu wako huo uuamini.

Na kifo kiheshimiwe. Yule bibi alipofariki katika msimu wenu wa kwanza nililia hadi baba yako akazima taa ya sebuleni nisionekane na wageni. Sasa unasema mnafikiria kumleta pacha wake. Nakusihi, mwanangu, msimlete. Mkimrudisha yeye, hakuna atakayekufa tena kwenye hadithi hiyo nikaamini.

Sisemi kila kirefu ni kibaya. Vita vya Korea vilidumu miaka mitatu, 1950 hadi 1953, lakini Wamarekani walitengeneza M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa vita hivyo, ikaenda miaka 11, kuanzia 1972 hadi 1983. Iliweza kwa sababu haikuuliza nani atashinda. Iliuliza binadamu anabakije na akili zake huku majeruhi wanashushwa kila siku, na swali hilo halina mwisho wa haraka. Lenu ni swali la nyumba. Nyumba ina hati moja, na mmekwisha kuipoteza hati hiyo mara tatu.

Najua kinachokubana si hadithi. Ni wale vijana wa kamera, watu wa taa, yule dada anayewapikia wali maharage, na wewe mwenyewe na kodi ya nyumba. Hilo ni jambo zito na sitalipuuza. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alisimulia usiku baada ya usiku kwa sababu akinyamaza angeuawa. Nanyi mnasimulia kwa sababu mkinyamaza jikoni kutapoa. Ndiyo maana sikwambii uache kesho. Nakwambia uende ukaombe tarehe.

Waliotengeneza Lost, tamthilia nyingine ya Wamarekani, walifanya hivyo. Mei 2007 walikubaliana na ABC, kituo kilichoionyesha, kwamba mwisho ni 2010, miaka mitatu mbele, wakapanga sehemu 48 zilizobaki. Mwisho wao wapo walioupenda na wapo wanaoulalamikia hadi leo, lakini kuanzia siku ile waandishi walijua wanaelekea wapi. Mwambie prodyuza wako: badala ya misimu miwili ya kuzungukazunguka, tupe mmoja, wa kumaliza, na katika miezi hiyo hiyo tuanze kuandika tamthilia mpya kwa watu wale wale, kamera zile zile, hata yule dada wa jikoni. Nenda na karatasi mkononi yenye wazo la hiyo mpya, usiende na malalamiko.

Akikupa tarehe nipigie siku hiyo hiyo. Nitawaita majirani wa Tandika walio karibu, tutatandika mkeka ingawa makochi yapo. Na usinidokeze nani atatoka na ufunguo wa ile nyumba.

Mama yako