Maswali na majibu: Picha za nyota kwa bajeti ndogo, Kanda ya Ziwa

Shikamoo. Nina laki sita. Ninunue darubini gani nianze kupiga picha za nyota? (Kijana, Nyegezi)

Marahaba, mwanangu. Darubini iache kwanza. Hiyo laki sita ipeleke kwenye kamera ya mtumba inayobadilisha lenzi, tuseme Canon 600D, na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia). Bakiza hela ya stendi nzito. Stendi ndiyo watu huibania, halafu wanasema kamera mbovu.

Ukiacha shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga) wazi muda mrefu, nyota zinageuka vistari kwa sababu Dunia inazunguka. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi, kisha kwa 1.6 kwa kuwa sensa ya kamera hiyo ni ndogo. Lenzi ya 50 inakupa sekunde 6. Mimi ningeweka 4, maana nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zinazokimbia kuliko zote. Punguza tundu la lenzi hadi f/2.8, piga picha mia mbili mfululizo kwa RAW (faili ghafi la kamera), kisha uzipandanishe ziwe picha moja kwa programu ya Siril au DeepSkyStacker. Zote mbili ni za bure. Nebula ya Orioni, wingu la gesi kwenye kundi la nyota la Orioni, itajitokeza na uwaridi wake, bila darubini.

Dukani nimeona darubini ya milimita 60 "inayokuza mara 525". Nimchukulie mwanangu? (Mama, Kirumba)

Hapana, dada. Ukuzaji wenye maana ni kama mara mbili ya kipenyo, yaani mara 120 kwa hiyo. Zaidi ya hapo ni ukungu mkubwa tu. Ukipata ya Dobson (darubini ya kioo kwenye kitako rahisi) ya milimita 150, hata iliyotumika, ataona pete za Zohali, na simu ikishikizwa vizuri kwenye jicho la darubini itapiga mwezi safi kabisa.

Video za nje zinasema traka (kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota) ielekezwe Nyota ya Kaskazini. Mbona siioni? (Sengerema)

Hutaiona, ndugu yangu. Eneo letu liko takriban nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, na nyota ile iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga nayo imeinuka nyuzi hizo hizo 2.5 tu, nyuma ya miti na vilima, na nyota iliyo jirani yake, Sigma Octantis, ni hafifu mno.

Kwa hiyo laza mhimili wa traka karibu usawa wa ardhi, uelekee kusini halisi. Dira ya simu inatosha kwa lenzi ya 50 na picha za dakika moja, ila iweke mbali na vyuma. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama kichwa cha traka kinashuka hadi nyuzi 2. Vingi vya darubini kubwa vinagoma mapema.

Shule yetu imepata fedha kidogo. Darubini ya kielektroniki ya Seestar S50 inafaa? (Mwalimu, Magu)

Inafaa, Mwalimu. Ilitoka 2023, lenzi yake ina kipenyo cha milimita 50, inatafuta nyota na kupandanisha picha yenyewe, na darasa zima linatazama kwenye simu. Ila ikikaa wima kwenye stendi yake, fremu inazunguka taratibu, na kitu kikikaribia utosi inazunguka vibaya. Kwetu Orioni inapita karibu kabisa na utosi. Ipigeni ikiwa nusu ya njia upande wa mashariki. Huko inapanda karibu wima na fremu haizunguki sana.

Niende lini? (Igombe)

Giza la mwezi, Juni hadi Agosti, mvua ikiwa chache na Njia Nyeupe imejaa juu ya kundi la nyota la Nge. Tatizo ni kwamba wavuvi wa dagaa nao wanalitaka giza hilo hilo, na taa zao zinang'aa sana. Lipe ziwa kisogo. Vijidudu vya ziwani navyo huzidi siku hizo na hufuata mwanga, basi tumia tochi nyekundu hafifu. Umande ukianza, zungushia lenzi mkanda wa joto wa USB kwenye pawabenki. Nyumbani ifungie kamera kwenye kopo pamoja na vipakiti vya silika, la sivyo kuvu itaingia kwenye lenzi, na kuisafisha ni gharama.